Ukali wa Aina Mbili: Asidi, Besi, Viashirio na Bafa katika Kiswahili

Neno "kali" ni miongoni mwa maneno yenye kazi nyingi katika Kiswahili. Jua huwa kali, kisu huwa kikali, pilipili na siki huwa kali, na hata mwalimu huweza kuwa mkali. Msikilizaji hachanganyikiwi, kwa kuwa nomino inayotangulia humwelekeza kwenye maana. Lakini neno hilo hilo linapoingia maabara ya kemia na kuambatanishwa na asidi, mwelekeo huo hupotea. Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kongo hufundishwa kemia kwa Kifaransa, na katika lugha hiyo "acide fort" ni jambo moja, "acide concentré" ni jambo jingine. Atokapo darasani na kumweleza mwenzake somo kwa Kiswahili, mambo hayo mawili hugeuka kuwa moja: asidi kali. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, nalo humfuata mwanafunzi hadi kwenye bureti, kiwandani, na pengine hadi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Makala haya yanakusudia kueleza asidi, besi, viashirio na bafa kwa Kiswahili, na kuonyesha ni wapi lugha yenyewe inahitaji uangalifu. Hayakusudii kudai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba kemia. Kinyume chake, itaonekana kwamba maneno yanayohitajika yapo tayari, na kwamba mengine yamo jikoni.

Asidi na besi

Asidi zilijulikana kwa ulimi kabla ya kujulikana kwa akili. Ndimu, siki, maziwa yaliyoganda na majani ya ngai-ngai yote yana uchachu, na uchachu huo ndio uliowapa Wazungu jina lao la Kilatini lililozaa neno asidi. Upande wa pili, neno alkali limetoka katika Kiarabu, nalo lilitaja majivu ya mimea ya pwani yaliyotumiwa kutengenezea sabuni na kioo. Msomaji wa Kongo hahitaji kwenda mbali ili kuyafahamu majivu hayo. Katika vijiji vingi mimea ya majini huchomwa, majivu yake huchujwa kwa maji, na maji hayo hukaushwa hadi ibaki chumvi ya kupikia mboga. Maji ya majivu huteleza vidoleni kama sabuni kwa sababu yana kaboneti ya potasiamu, ambayo ni besi.

Swali la kwa nini asidi ni asidi lilichukua muda mrefu kupata jibu. Mfaransa Antoine Lavoisier aliamini kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake, na ndiyo maana alilitunga jina hilo kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya "mzaa asidi". Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba asidi inayopatikana kutokana na chumvi ya kawaida, ile inayoitwa leo asidi ya hidrokloriki, haina oksijeni hata chembe. Nadharia ikafa, jina likabaki. Watunzi wa istilahi wanaoogopa kwamba neno lisilo sahihi kabisa litaharibu elimu wangepaswa kuukumbuka mfano huu, kwani dunia nzima hutamka oksijeni kila siku na hakuna anayepotoshwa na maana yake ya asili.

Msweden Svante Arrhenius, katika miaka ya 1880, alieleza kwamba asidi ikitiwa majini hugawanyika na kutoa ioni za hidrojeni, na besi hutoa ioni za hidroksidi. Maelezo hayo yalitosha kwa mambo mengi, lakini yaliiacha amonia nje, kwa sababu amonia haina hidroksidi ndani yake na hata hivyo ni besi dhahiri. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walitoa fasili pana zaidi: asidi ni kitu kinachotoa protoni, besi ni kitu kinachopokea protoni. Protoni ni ile ioni ya hidrojeni iliyopoteza elektroni yake. Kwa fasili hii asidi na besi si vitu viwili vilivyotengana, bali ni washirika katika tendo moja la kutoa na kupokea. Asidi ikishatoa protoni yake, kinachobaki ni besi, kwa maana kinaweza kuipokea tena. Maji yenyewe hutoa na hupokea, kutegemea aliye mbele yake.

Sarufi ya Kiswahili inalieleza jambo hili vizuri kuliko inavyodhaniwa. Mtoaji na mpokeaji ni maneno ya kazi, si ya asili. Mtu huyo huyo huwa mtoaji asubuhi na mpokeaji jioni. Mwanafunzi aliyezoea kukariri orodha ya asidi upande mmoja na besi upande mwingine hushangaa kuambiwa kwamba bikaboneti imo katika pande zote mbili. Aliyeanza na mtoaji na mpokeaji hashangai.

Nguvu si mkolezo

Sasa ni wakati wa kurudi kwenye neno "kali". Chukuliwe mimumunyo miwili, kila mmoja ukiwa na moli 0,1 ya asidi katika lita moja. Wa kwanza ni wa asidi ya hidrokloriki, wa pili ni wa asidi ya asetiki, ile inayoufanya uchachu wa siki. Katika wa kwanza, molekuli zote za asidi zimeachia protoni zake majini. Katika wa pili, kati ya kila molekuli 1.000 ni 13 tu zilizoachia. Nyingine zote zimeshikilia protoni zake. Asidi ya kwanza huitwa yenye nguvu, ya pili huitwa dhaifu. Hii ni tabia ya asidi yenyewe, wala haibadiliki kwa kuongeza au kupunguza asidi chupani.

Mkolezo ni jambo jingine. Mkolezo ni wingi wa asidi iliyomo katika kipimo fulani cha mmumunyo. Mpishi husema mchuzi umekolea chumvi. Mnywaji husema kinywaji kimezimuliwa kwa maji. Kukolea na kuzimua ni vitenzi vya kila siku, navyo vinatosha kabisa: asidi iliyokolea na asidi iliyozimuliwa. Kwa hiyo kuna asidi yenye nguvu iliyozimuliwa, kama vile asidi ya hidrokloriki iliyomo tumboni mwa binadamu, na kuna asidi dhaifu iliyokolea, kama asidi ya asetiki isiyo na maji, ambayo huunguza ngozi vibaya ijapokuwa vitabu vinaiita dhaifu. Mwanafunzi aliyesikia "dhaifu" akaelewa "isiyodhuru" amepotoshwa na lugha, na vidole vyake vitailipia lugha hiyo. Tahadhari hiyo inaihusu pia asidi ya salfuriki iliyokolea, ambayo humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani yake, kwa sababu joto linalotokea huweza kuyachemsha maji ghafla na kuirusha asidi usoni.

Kipimo cha pH kilipendekezwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, ambako utafiti wa vimeng'enya ulihitaji namna nyepesi ya kutaja kiasi kidogo sana cha ioni za hidrojeni. Katika maji safi yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, lita moja ina moli 10⁻⁷ za ioni hizo. pH yake ni 7. Kila pH inaposhuka kwa 1, ioni za hidrojeni huongezeka mara 10. Mmumunyo wa hidrokloriki uliotajwa juu una pH ya 1. Ule wa asetiki una pH ya takriban 2,9. Lakini hidrokloriki ikizimuliwa hadi moli 0,001 kwa lita, pH yake huwa 3, yaani imekuwa na uasidi mdogo kuliko ule wa asidi dhaifu yenye moli 0,1. Anayesema "kali" bila kueleza zaidi hawezi kulieleza jambo hili, kwa kuwa neno lake linayabeba mambo matatu: nguvu, mkolezo na pH.

Titresheni na rangi zake

Titresheni ni njia ya kuhesabu asidi kwa kuitilia besi inayojulikana, tone baada ya tone, hadi zibatilishane kabisa. Wanafunzi wa Kongo huiita kwa Kifaransa "dosage". Asidi huwekwa chupani kwa pipeti, besi hushuka kutoka katika bureti, na matone mawili ya kiashirio hutiwa ili rangi itoe habari.

Ikiwa mililita 25 za kila mmoja wa mimumunyo ile miwili zitatitirishwa kwa hidroksidi ya sodiamu yenye moli 0,1 kwa lita, ni ipi itakayohitaji besi nyingi zaidi? Wengi hujibu kwamba ni hidrokloriki, kwa sababu ni "kali zaidi". Jibu sahihi ni kwamba zote mbili zitahitaji mililita 25 sawasawa. Asidi ya asetiki haikuachia protoni zake zote mwanzoni, lakini kila protoni iliyo huru inapochukuliwa na hidroksidi, molekuli nyingine huachia yake ili kurudisha msawazo, na hivyo hadi ya mwisho. Titresheni huhesabu protoni zote zinazoweza kutolewa. Kipimo cha pH huonyesha zile tu zilizokwisha kutolewa.

Tofauti ya asidi hizo mbili huonekana njiani. Kwa hidrokloriki, baada ya mililita 24,9 za besi pH ni 3,7 hivi. Baada ya mililita 25,1 ni 10,3. Matone manne tu yamevusha pH zaidi ya hatua sita. Kiashirio chochote kinachobadilika ndani ya mruko huo kitafaa. Kwa asetiki mambo si hivyo. Katikati ya safari, mililita 12,5 zinapokuwa zimeingia, pH ni 4,76 na inapanda kwa uvivu. Kwenye nokta ya ulingano ni takriban 8,7, si 7, kwa sababu asetati iliyobaki ni besi, mpokeaji aliyezaliwa na mtoaji wake.

Kiashirio chenyewe ni asidi dhaifu au besi dhaifu ambayo rangi yake hubadilika inapotoa au kupokea protoni. Ndiyo sababu hutiwa kwa matone tu; kikizidi, chenyewe kitakula besi na kuharibu hesabu. Fenoliftaleini, iliyotengenezwa kwanza na Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871, haina rangi chini ya pH 8,2 hivi, kisha huwa ya waridi iliyoiva kufikia 10. Heliantini ni nyekundu chini ya 3,1 na ya njano juu ya 4,4. Litimasi, inayotokana na vile viumbe vya kuvu na mwani vinavyoota pamoja juu ya mawe na magome, hubadilika polepole mno kati ya 5 na 8, nayo haifai kwa titresheni, ingawa karatasi zake zinafaa kwa kujua haraka upande gani mtu yupo. Mwalimu asiyekuwa na akiba ya kemikali anaweza kuchemsha maua mekundu ya rosela, mmea ule ule unaotoa majani ya ngai-ngai. Maji yake ni mekundu ndani ya ndimu, na katika maji ya majivu hugeuka kuelekea buluu na kijani. Manjano ya jikoni nayo hugeuka nyekundu ya udongo mbele ya besi, jambo linalojulikana na kila aliyefua kwa sabuni nguo yenye doa la mchuzi.

Mwanafunzi akitumia heliantini kupima siki, rangi itamaliza kubadilika kabla hata theluthi moja ya asidi haijabatilishwa. Ataandika jibu safi, lenye desimali mbili, na lisilo na thamani yoyote.

Jambo hilo lina uzito wa pekee Katanga. Malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa vinyago na mikufu, ni kaboneti na hidroksidi ya shaba, na kwa hiyo ni besi. Ndiyo maana katika viwanda vya Likasi na Kolwezi madini ya shaba yenye oksidi huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki: asidi hutoa, malakiti hupokea, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, shaba huingia majini na kuyapaka buluu. Lakini shaba ya Katanga mara nyingi imelala ndani ya dolomiti, ambayo ni kaboneti ya kalisi na magnesi, nayo ni besi vilevile. Asidi haichagui. Dolomiti ikiwa nyingi, asidi huliwa na mwamba usio na faida, na kwa kuwa asidi hununuliwa kwa fedha nyingi, mpimaji hana budi kujua ni kiasi gani kimebaki huru.

Hapo kiashirio huamua. Mpimaji akiweka fenoliftaleini katika maji hayo na kuendelea kutia soda hadi pH 8, hidroksidi ya shaba itakuwa imekwisha kuganda tangu karibu na pH 5, ikinywa hidroksidi njiani. Hesabu yake itaiandika shaba kana kwamba ni asidi. Kiwanda kitaambiwa kina asidi ya kutosha ilhali haipo. Kiashirio kinachobadilika chini zaidi, kama heliantini, huipima asidi kabla shaba haijaanza kuganda, ingawa jicho litasumbuliwa na ile buluu. Heliantini iliyodanganya katika siki ndiyo inayosema kweli hapa.

Bafa

Neno bafa limeingia Kiswahili kutoka Kiingereza, na Kifaransa husema "tampon", neno ambalo pia hutaja mhuri wa ofisini na kizibo. Asili ya lile la Kiingereza ni reli: ni vile vyuma vilivyo kwenye ncha za mabehewa, vinavyopokea kishindo behewa moja linapogonga jingine. Wapo wanaopenda kutafsiri kwa neno kizuizi. Tafsiri hiyo haifai. Kizuizi husimamisha, bafa hukipokea kishindo na kukipunguza. Behewa husogea, ila kidogo. Afadhali neno geni lenye maana sahihi kuliko neno la nyumbani linalodanganya.

Bafa ni mmumunyo wenye asidi dhaifu pamoja na besi yake kwa wingi unaokaribiana. Asidi ikiingizwa, besi huipokea. Besi ikiingizwa, asidi huibatilisha. Ukiingizwa mmoja wa asidi ya hidrokloriki wa moli 0,01 katika lita moja ya maji safi, pH huporomoka kutoka 7 hadi 2. Kiasi hicho hicho katika lita yenye moli 0,1 ya asidi ya asetiki na moli 0,1 ya asetati huishusha pH kutoka 4,76 hadi 4,67 tu. Ni vema kuona mambo mawili katika mfano huu. Kwanza, pH imebadilika. Hakuna bafa inayozuia kabisa. Pili, bafa hii ina uasidi wa wazi, kwa hiyo si kweli kwamba bafa maana yake ni mmumunyo usioegemea upande wowote. Na bafa huchoka: asetati yote ikishapokea, kishindo kinachofuata hugonga moja kwa moja. Ule uvivu wa pH uliotajwa katikati ya titresheni ya asetiki haukuwa na sababu nyingine. Mmumunyo ulikuwa umejigeuza bafa.

Bafa iliyo muhimu kuliko zote kwa binadamu ni damu yake. pH ya damu ya mishipa mikubwa ya ateri hukaa kati ya 7,35 na 7,45. Protini, hasa hemoglobini, husaidia, lakini kazi kubwa hufanywa na bikaboneti pamoja na kaboni dioksidi iliyoyeyuka. Lawrence Henderson wa Marekani aliandika uhusiano wao mwaka 1908, na Mdenmark Karl Hasselbalch akauweka katika umbo la logi miaka michache baadaye: pH ni 6,1 ikijumlishwa na logi ya uwiano wa bikaboneti kwa kaboni dioksidi. Kwa mtu mwenye afya bikaboneti ni milimoli 24 kwa lita na kaboni dioksidi ni 1,2. Uwiano ni 20, logi yake ni 1,3, na pH ni 7,4. Namba 6,1 iko mbali na 7,4, na kwa kanuni za chupani bafa hii ingehesabiwa kuwa mbovu. Ubora wake hautokani na chupa. Mapafu huitoa kaboni dioksidi kwa kila pumzi na figo huirudisha bikaboneti, hivyo kila upande wa uwiano una mlinzi wake.

Kipindupindu huiba upande mmoja. Maji yanayomtoka mgonjwa yamejaa bikaboneti. Ikishuka kutoka 24 hadi 12 na kaboni dioksidi ikabaki ilivyo, uwiano huwa 10 na pH huwa 7,1, hali inayotishia uhai. Mwili hujitetea kwa pumzi: mgonjwa huhema kwa kina na kwa haraka hadi kaboni dioksidi iliyoyeyuka inashuka kufikia 0,78 hivi, na pH hupanda karibu na 7,3. Ndugu waliokaa karibu naye hudhani ana ugonjwa wa mapafu, kumbe mapafu ndiyo yanayomwokoa. Julai 1994, kipindupindu kilipozuka katika kambi za wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma, maelfu ya watu walikufa katika muda wa majuma machache, na waliopona walipona kwa maji, chumvi na besi.

Besi hiyo imo katika pakiti ya dawa ya kunywa. Hapo awali Shirika la Afya Duniani liliweka bikaboneti ya sodiamu ndani yake. Katika miaka ya 1980 ikabadilishwa na sitrati, kwa sababu katika joto na unyevu unga wenye bikaboneti hauhifadhiki vizuri. Sitrati ni besi ya asidi dhaifu ya ndimu. Ikifika mwilini hutumiwa na chembe hai, na bikaboneti huzaliwa. Lakteti iliyomo katika maji ya kutundika hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Maji ya chumvi na sukari yanayokorogwa nyumbani humrudishia mgonjwa maji na sodiamu, nayo yasicheleweshwe hata kidogo. Lakini hayana besi ndani yake, na mgonjwa aliyekwisha kuanza kuhema kwa kina anapaswa kupelekwa zahanati huku akiendelea kunyweshwa njiani.